Meneja Hajala

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza kidogo kelele za vyombo. Kama uko dukani na wateja wamepungua, sogeza redio karibu. Leo tunamkumbuka mpishi. Na nawaambia mapema, msije mkanilaumu baadaye: sina hakika kama nitamaliza kipindi hiki sauti yangu ikiwa nzima.

Tunamkumbuka mama aliyefariki Jumanne ya wiki hii, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Narudia, Jumanne ya wiki hii, miaka sabini na mmoja. Alikuwa mpishi wa hospitali kwa miaka thelathini na mmoja. Kwa sura hamumjui, lakini kwa maneno mnamjua sana. Miaka tisa sasa, kila Jumamosi, nimewasomea kadi yake ya salamu hapa hapa. Ilikuwa na maneno yale yale, hayapungui wala hayaongezeki: "Salamu kwa mwanangu popote alipo. Meneja amekula."

Enhe, mmeshamkumbuka. Nawasikia mnasema, kumbe ni yule! Ndiye huyo huyo.

Na mimi nikiri kabla sijaendelea. Nilikuwa nacheka. Mnakumbuka nilivyokuwa nikitania hewani: "Jamani huyu Meneja ana hamu ya kula! Je, na wafanyakazi wake wamekula?" Mama yule hakukasirika. Jumamosi iliyofuata kadi ilikuja na nyongeza, mara moja tu katika miaka yote tisa: "Mfanyakazi wake ni mmoja, ni paka, naye amekula." Nikacheka tena. Nilidhani ni bibi mwenye vichekesho. Juzi, siku ya mazishi, binti yake wa kwanza, ambaye ni fundi cherehani, alinikalisha kwenye benchi uani kwao akanieleza. Tangu hapo sijacheka.

Tuanzie jikoni. Jiko la hospitali, wasikilizaji wapendwa, si jiko la sherehe. Sufuria ni kubwa kiasi cha kuogeshea mtoto, sakafu imelowa saa zote, na ukutani kuna orodha: wodi hii bila chumvi, wodi ile bila sukari, kitanda cha saba uji tu. Mama huyu alipima kila kitu. Lakini sifa yake ilikuwa supu. Mgonjwa akigoma kula, wauguzi walikuwa wanamjia yeye. Alikatakata vitunguu, akavikaanga polepole mpaka vikawa vya kahawia, akamimina mchuzi wa mifupa na nyama laini, akaipeleka mwenyewe kitandani. Watu walioapa hawali, walikula. "Kitunguu kinamwita mgonjwa kwa jina lake," alikuwa akisema. Wenzake wakambandika jina la Mama Kitunguu, na alilipenda.

Alipostaafu, wenzake walimuaga kwa keki na mizani ya zamani ya pale jikoni, ile ya sahani ya bati na mshale mwekundu. Akaiweka juu ya kabati. Hakujua ataihitaji.

Alikuwa na watoto wawili. Wa kwanza ni huyo fundi cherehani. Wa pili, kitinda mimba, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Kijana huyo siku moja aliokota mtoto wa mbwa ndani ya bomba nyuma ya karakana, akaja naye nyumbani ndani ya kofia yake ya kazi. Akamwita Meneja. Kwa nini Meneja? Kwa sababu, alisema, anapita akikagua kazi za watu na yeye mwenyewe hana anachofanya. Nyumba nzima ilicheka, na jina likaganda.

Mbwa alipofika miaka minne, kijana alipata kazi mbali. Mbali kweli. Siku ya kuondoka alikuwa mlangoni, begi begani. Akapiga goti, akamshika mbwa masikio yote mawili. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, nitunzie Meneja. Nikirudi nimkute."

"Nenda baba," mama akasema. "Utamkuta."

Shikeni maneno hayo. Nikirudi nimkute. Utamkuta.

Kijana akaondoka. Mbwa akagoma kula. Siku ya kwanza mama alisema atazoea. Siku ya pili akampa wali na vipande vya nyama, mbwa akageuza uso. Siku ya tatu alilala kizingitini, pua kwenye upenyo wa mlango, hata maji anayaangalia tu. Mama akaingiwa na hofu. Ameachiwa amana, na wiki haijaisha amana inamfia mkononi!

Sasa mpishi wa hospitali, mgonjwa akigoma kula, anafanya nini? Mnajua. Alitoa kisu chake, akakatakata vitunguu.

Na mbwa akala! Akala akalamba bakuli mpaka likasogea kutoka mlangoni hadi kwenye ngazi. Mama alipiga vigelegele peke yake uani. Simu ilipolia jioni ile, kijana hakuuliza hata hali ya mama yake. Aliuliza, "Meneja amekula?"

"Amekula! Amekula supu yangu."

"Basi mpe hiyo hiyo mama."

"Na mimi huniulizi?"

"Wewe mpishi, utakosaje kula?"

Wakacheka wote wawili. Ikawa ndiyo desturi yao. Kijana akipiga simu, swali la kwanza, Meneja amekula? Na jibu, amekula. Mama akampa supu kila siku, asubuhi na jioni, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ya saba.

Wiki ya saba mbwa alianza kuchoka. Akipanda ngazi mbili anakaa chini kuhema. Mama akafanya nini? Akaongeza supu. Mbwa akazidi kulegea, fizi zikawa nyeupe, mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi. Mama akaongeza vitunguu, kwa sababu mgonjwa akizidiwa ndivyo alivyofanya siku zote. Binti yake alinisimulia huku ameshika shavu: "Tulikuwa tunaona anampenda. Hakuna aliyejua. Kadiri alivyozidi kuumwa ndivyo alivyozidi kumpa."

Siku mbwa aliposhindwa kusimama, mama alimbeba. Mbwa wa kilo kumi na nane, mama wa miaka sitini na mbili. Alimfunga mgongoni kwa khanga kama mtoto, akatembea naye hadi kwa daktari wa mifugo. Watu njiani wakimcheka, yeye hasikii.

Daktari alifunua mdomo wa mbwa, akatazama fizi. Akauliza kwa upole, "Mama, unampa chakula gani?"

Na mama, wasikilizaji wapendwa, akajibu kwa fahari. Akaeleza supu yake hatua kwa hatua, nyama hii, mfupa ule, vitunguu vitano hadi viwe vya kahawia. Daktari akavua miwani. Halafu akasema:

"Mama, kitunguu kwa mbwa ni sumu. Kibichi au kilichopikwa, ni sumu. Kinavunja damu yake. Kitunguu saumu vivyo hivyo. Na kwa paka ni kibaya zaidi."

"Lakini anakipenda."

"Ndiyo. Anakula kwa sababu kina harufu ya nyama. Na kwa sababu ni wewe unayempa."

Binti anasema mama yake hakulia. Aliitazama mikono yake, huku na huku, kama ya mtu mwingine. Miaka thelathini na mmoja ameponya watu kwa mikono ile. Akauliza, "Atapona?" Daktari akasema hajui. Mbwa akalazwa pale, sindano ya maji mguuni.

Jioni ile ile simu ikalia.

"Mama! Meneja amekula?"

Nipeni sekunde moja, jamani.

Angesemaje? Mtoto yuko mbali, peke yake, sauti yenyewe inakatikakatika. Angemwambia nimemlisha mbwa wako sumu kwa wiki saba? Akasema, "Amekula, baba." Kijana akasema, "Afadhali." Simu ikakatika.

Hakupiga tena. Narudia, hakupiga tena. Wiki, mwezi, mwaka. Namba haipatikani. Mwajiri wake alisema aliacha kazi, hajulikani alikoelekea. Miaka tisa. Na neno la mwisho ambalo mama huyu alimwambia mwanawe lilikuwa uongo.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi siwezi kuueleza. Naweza tu kuwaambia alichokifanya.

Mbwa alipona. Ilichukua karibu miezi miwili, lakini alipona. Mama alirudi nyumbani, akashusha mizani kutoka juu ya kabati. Kuanzia siku ile hakuna kilichoingia kwenye bakuli la Meneja bila kupita kwenye sahani ya bati. Nyama isiyo na mafuta, imechemshwa bila chumvi. Boga na karoti, zimepondwa. Wali kidogo. Maini mara mbili kwa wiki, kipande, si zaidi. Ganda la yai, limekaushwa na kusagwa hadi unga, ncha ya kijiko. Mifupa iliyopikwa marufuku, inavunjika vipande vyenye ncha na kumchana tumbo. Kila kitu kiliandikwa kwenye daftari la shule, tarehe, gramu, amekula au hajala. Binti amenionyesha. Madaftari kumi na saba, wasikilizaji. Kumi na saba!

Majirani wakabadilisha jina. Mama Kitunguu akafa, akazaliwa Mama Mizani. Walimtania wakachoka. Jirani mmoja alimwambia, "Mwenzangu, hata mume wangu hajapimiwa chakula hivyo." Mama akamjibu, "Ndiyo maana ana kitambi." Lakini jirani huyo huyo, mbwa wake alipoharisha, alikuja mlangoni akiwa mnyenyekevu. Mama hakumsuta. Alimuuliza swali lile lile la daktari, kwa sauti ile ile: unampa chakula gani?

Na paka? Paka alikuja mwenyewe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu alipewa mto. Alikuwa anamfuata mbwa nyuma uani kila mahali, basi akaitwa Karani. Mama kwanza alimpa maziwa, paka akaharisha kwenye mazulia yote. Akarudi kwa daktari, akaambiwa paka mkubwa maziwa hayamfai, na asimlishe chakula cha mbwa. Paka ni wa nyama. Akikosa nyama ya kutosha moyo unachoka na macho yanazima. Basi Karani naye akafunguliwa daftari. Binti alikuwa anamlalamikia mama yake, "Mbwa nyama mpya, paka samaki asiye na miba, na mimi mwanao kiporo!" Mama anamwambia, "Wewe una mdomo wa kusema tumbo linauma."

Na kila Alhamisi aliandika kadi yetu. Kila Jumamosi alimlisha Meneja mapema, kabla kipindi hakijaanza, akakaa na bakuli tupu mapajani, redio juu kabisa. Alitaka nikisoma "Meneja amekula", liwe kweli. Uongo ule mmoja, alikuwa anaulipia kweli moja kila wiki. Na mimi hapa nacheka! Mnisamehe. Mama, unisamehe.

Miaka ilikwenda. Mbwa akafika kumi, kumi na mbili, kumi na tatu. Uso ukawa mweupe, jicho moja likaingia ukungu. Hapo ndipo mama alianza kuhangaika. Mbwa haishi milele, na kijana hajarudi. Alipunguza nyama kulinda figo kama daktari alivyomwelekeza, akapunguza wali ili asinenepe, akampikia laini meno yalipolegea. Alipima asubuhi, akapima jioni. Gramu mia mbili na arobaini kila mlo. Daktari alimwambia ukweli, "Mama, chakula kizuri kinamwongezea siku. Hakimwongezei miaka mia." Mama akamwambia, "Mimi sijaomba mia. Nimeomba mpaka mlango ufunguliwe."

Mwezi uliopita aliugua yeye. Moyo. Akalazwa katika hospitali ile ile aliyopika, ghorofa moja juu ya jiko lake. Harufu ya sufuria ilikuwa inapanda hadi kitandani. Lakini hakula. Wapishi wapya walikuja, wakamletea supu ya vitunguu vya kahawia, wakamwambia mama, hii ni yako, tulifundishwa hii. Akawashukuru. Kijiko hakikupita mdomoni.

Kila asubuhi binti yake alipoingia, mama hakuuliza kingine. "Amekula?"

Ukweli ni kwamba mbwa alikuwa anakula nusu, mara robo. Binti alikuwa anatoka kwenye cherehani mbio, anachemsha nyama mbio, anamwaga bakulini kwa macho tu, anakimbilia hospitali. Mizani hakuigusa. Angeipatia wapi nafasi, jamani? Tusimhukumu. Yuko peke yake, mama kitandani, kaka hajulikani alipo, mbwa anamtazama.

"Amekula, mama," alimwambia kila siku. Amekula. Amekula.

Jumanne asubuhi, mama aliuliza tena. "Amekula?"

"Amekula, mama."

"Gramu ngapi?"

Binti akasema namba ya kwanza iliyomjia. "Mia tatu."

Mama alimtazama. Binti anasema alimtazama kwa huruma, bila ukali wowote. Kisha akafumba macho. Akasema, "Hujampima."

Hakusema tena neno lingine. Saa sita mchana alikuwa ameshatutoka.

Wasikilizaji wapendwa, nawaambieni sasa kwa nini leo sauti yangu iko hivi. Binti huyo yuko hapa studio. Amekaa mbele yangu na doti ya khanga ya mama yake mabegani. Na mlangoni, kwenye zulia letu, amelala Meneja. Mlinzi wetu alikataa asiingie, nikamwambia anipitishie kwa jukumu langu. Leo ni siku ya tano. Tangu Jumanne mbwa huyu hajala. Daktari amekuja mara mbili, amempa maji kwa sindano. Anasema ugonjwa haujampata, amegoma tu. Pua yake iko kwenye upenyo wa mlango wa studio, hivi ninavyosema.

Dada, waambie ulichoniambia asubuhi.

"Jana nilishika kitunguu. Nilikishika na kisu mkono wa pili. Nikasema angalau ale. Angalau mara moja tu ale. Nikakaa jikoni nimekishika hivyo, nalia. Nikakitupa dirishani. Lakini sijui cha kufanya. Sijui, ndugu mtangazaji. Nimepika kila kilichoandikwa."

Mmemsikia.

Kadi ya mwisho ninayo mkononi. Mama aliiandika Alhamisi ya wiki jana, kitandani, mwandiko umepinda, ikachelewa, ikanifikia jana. Mnajua inasema nini. Leo sitaisoma. Kwa miaka tisa mama huyu hakunipa uongo niusome, na mimi sitaanza leo.

Basi nasema na mtu mmoja tu, wengine mniwie radhi. Kaka, fundi wa kuchomelea, wewe uliyemwokota mbwa ndani ya bomba ukaja naye ndani ya kofia. Kama uko hai, kama uko popote redio hii inapofika, nisikilize. Mama amefariki. Hakukuchukia. Siku ile ya simu ya mwisho Meneja alikuwa hajala, alikuwa anaumwa, na mama alishindwa kukuambia. Alitaka ulijue hilo. Ulimwambia ukirudi umkute. Yupo. Ni mzee, jicho moja halioni vizuri, lakini yupo. Yeye alitimiza. Piga simu tu. Hata usiseme na mimi wala na dada yako, sema na mbwa. Namba ya mama ni ile ile, hakuibadilisha, na simu iko hapa mezani, imechajiwa.

Kwa binti, kwa daktari aliyesimama na familia, kwa wapishi wa hospitali na majirani wote waliobeba jeneza, sisi wa redio tunawapa pole nyingi. Mungu awape nguvu, na mama apumzike.

Na wewe unayenisikiliza, leo ukirudi nyumbani, inama uangalie bakuli la yule asiyeweza kukuambia tumbo linauma. Mbwa, paka, yeyote. Jiulize unampa chakula gani. Usiseme anakipenda. Kama hujui, uliza, kuuliza si ujinga. Mama huyu angeuliza mapema angelala usingizi miaka tisa.

Muda umekwisha, lakini nimewaomba mafundi mitambo wasikate. Tutaacha kipaza sauti wazi kidogo. Hakutakuwa na muziki. Simu iko mezani. Meneja yuko mlangoni. Bakuli liko mbele yake, nyama, boga na karoti, bila chumvi, bila kitunguu. Binti alikuja na mizani ndani ya mfuko, tukaiweka hapa juu ya meza ya matangazo, tukatazama mshale pamoja.

Gramu mia mbili na arobaini, mama. Tumempima.